Seli za Bi Mwanapili

Dada yangu Mwanapili alikuwa mtu wa kugomba. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nitamsifu tu kwa kuwa ameshatangulia. Aliwagomba wauza samaki, aliwagomba watoto wa chuoni wanaokatiza uani kwetu, na aliwagomba hata maiti. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia marehemu mmoja aliyekaza ngumi, "Fungua nkono, mwana wa watu. Nani atakuibia hapa?" Na ngumi ikalegea.

Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike. Hapa Mtambile, Pemba, na vijiji vya jirani, mwanamke akifariki, kabla wachimba kaburi hawajapata majembe, mtu alikuwa ameshatumwa kwetu. Aliipokea kazi hii kwa mama yetu, na mimi nikaipokea kwake, ingawa kwa miaka mingi aliniachia kushika kata na kumimina maji tu. Mimi ni mdogo wake, jina langu Kijakazi, na haikupita siku bila kunikumbusha nani mkubwa.

Jambo moja lilikuwa likimkosesha raha: kitu cha maiti kubaki nje ya kaburi. Ukimchana marehemu nywele ili uzisuke mikia mitatu, lazima nyingine zing'oke na kitana. Wapo waosha wanaookota zilizoonekana, basi, yakaisha. Dada alipiga magoti akaziokota unywele mmoja mmoja, akazitia ndani ya sanda na mwenyewe. Ukucha uliokatika, jino lililolegea, gamba la kidonda, vyote vilirudi kwa mwenye navyo. Siku ya msiba wa Bi Khairat, mama wa muuza duka pale njia panda, wanaume walisimama na jeneza mlangoni, jua linawachoma, imamu anakohoa, na dada yuko ndani anatafuta jino. Wakatuma mtu kuuliza kuna nini.

"Mwambieni imamu akhera hakufungwi," akajibu.

Jino likaonekana chini ya mkeka, ndipo jeneza likatoka.

Jirani yetu mmoja alipokatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, dada ndiye aliyemshikilia mwana wa jirani huyo mpaka akaenda hospitali kuuomba ule mguu na kuuzika makaburini. Watu walicheka. Yeye akasema hacheki, kwa sababu siku jirani atakapokwenda, ataukuta mguu wake umeshamtangulia. Ndivyo alivyokuwa. Kwake yeye, mtu alitoka mzima na alipaswa kurudi mzima, na muosha ndiye wa kuhakikisha.

Sasa kuna Nusaiba. Nusaiba ni mtoto wa kaka yetu Haroub, Allah amrehemu. Mama yake aliolewa tena Msuka, na mtoto akabaki kwetu. Dada hakujaaliwa kuzaa, kwa hiyo mapenzi yote aliyokuwa nayo aliyamwaga kwa huyo, na ugomvi pia. Msichana akasoma. Alisoma mpaka tukawa hatuelewi tena anasoma nini. Sasa yuko Dar es Salaam, kwenye taasisi moja ya utafiti, anachunguza saratani kwa ajili ya shahada yake kubwa, na Kiswahili chake kimeshanyooka kama cha watangazaji wa redio.

Dada alipopata uvimbe kwenye titi, aliuficha. Yeye aliyeiona miili ya nusu ya wanawake wa Mtambile aliona haya kuuonyesha wake. Mimi niligundua kwa sababu alianza kulala upande mmoja. Nikampigia Nusaiba, Nusaiba akaja akamchukua, akampeleka Dar. Madaktari wakasema titi litolewe.

Kabla ya kisu, Nusaiba alimkalia kitandani akamweleza. Akasema kipande kidogo cha ule uvimbe wangependa kukipeleka maabara wakichunguze, akikubali. Akataja mambo mengi, na mimi nilikuwepo. Dada alikuwa anasoma Ayatul Kursi chini kwa chini.

"Chukueni," akasema. "Mie silitaki."

Titi lenyewe, lakini, alitaka lizikwe. Nusaiba, namsifu kwa hili, alihangaika na hospitali mpaka akapewa, na mume wa rafiki yake akalizika. Tuliporudi Pemba, dawa za saratani zikamnyonyoa dada nywele zote. Unajua alifanya nini? Alizikusanya kwenye kitambaa, akachimba chini ya mgomba, akazifukia. Halafu akaninunia siku nzima kwa sababu nilifagia chumba kabla hajamaliza kuangalia mvunguni.

Mungu akampa afueni. Nywele zikaota upya, fupi fupi na nyeupe, akarudi kuosha. Nilidhani tumevuka.

Basi Nusaiba akaja Idi. Tulishakula, tumekaa barazani, dada amejinyoosha. Nusaiba akamsogelea, akatoa simu.

"Shangazi, nikuonyeshe kitu."

Kwenye kioo cha simu mlikuwa na vitu vidogo vingi, vyeupe vyeupe, kama tui lililoanza kukatika. Nilipokaza macho nikaona vinatambaa. Kimoja kikajibana kiunoni, kikajibana, kikawa viwili.

"Wadudu gani hawa?" nikauliza.

"Si wadudu, Shangazi Kija. Ni seli." Akamgeukia dada, na uso wote unacheka. "Ni zako, Shangazi."

Dada akavaa miwani. "Zangu vipi?"

"Kile kipande ulichotupatia. Tulizitoa seli zake tukaziweka kwenye kabati la joto, zikaota. Za watu wengi hufa baada ya wiki chache, lakini zako zimekataa kufa. Zinaongezeka mpaka leo. Nyingine tumewapelekea wenzetu ng'ambo. Kazi yangu yote nafanya kwa hizi."

Alisema kwa fahari, kama mtu anayemsifia mzazi wake mbele za watu. Sikumlaumu kwa hilo wakati ule. Nilikuwa natazama wale wasio wadudu.

"Nazo zafanya kazi gani?" dada akauliza, polepole.

Hapo Nusaiba akafunguka. Akasema ndani ya kila seli mna maagizo yanayonakiliwa. Maagizo mengine hutengeneza protini, vile vitu vinavyojenga mwili na kuuendesha. Lakini mengine, tena mengi sana, hayatengenezi chochote. Yananakiliwa, yanakaa. Wataalamu wa zamani waliyadharau wakayaona takataka.

"Ni kama harusini," akasema. "Kuna wanaopika, hao kila mtu anawaona. Na kuna mabibi wamekaa kwenye mkeka, hawashiki hata mwiko. Wao ni kusema tu: ongeza chumvi, punguza moto, funika. Utadhani hawana kazi. Sasa wanyamazishe, uone kama pilau litaiva."

"Weye huyo," nikamwambia dada, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Basi na saratani ina mabibi zake," Nusaiba akaendelea. "Wako maelfu, na hatujui ni yupi anayeiendesha. Kwa hiyo tunatumia mkasi wa vinasaba, wenyewe tunauita krispa. Katika kila seli tunamnyamazisha bibi mmoja, tofauti na wa seli nyingine. Halafu tunasubiri, kisha tunatazama seli zipi zimetoweka. Zilizotoweka zinatuambia kwamba bibi aliyenyamazishwa humo ndiye ambaye saratani ilikuwa ikimtegemea."

"Zilizotoweka ndo zilizokufa?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na ambazo hazikufa, mkishamaliza nazo?"

"Tunazitia jiki."

"Kisha?"

"Kisha tunamwaga."

"Mwamwaga wapi?"

Nilimwona Nusaiba anatambua alipofika, naye alikuwa ameshachelewa kurudi. "Kwenye sinki," akasema. "Ndio utaratibu, Shangazi. Jiki imeshaua kila kitu, haidhuru mtu."

Dada akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akamrudishia Nusaiba simu yake. Akaingia jikoni. Tukamsikia anasugua sufuria niliyokwisha kuisugua mimi.

Mwezi ule ule, Bi mmoja wa upande wa msikitini akafariki. Wakaja kumwita dada. Dada akasema atakwenda Kijakazi peke yake. Nikadhani amechoka. Akafariki mwingine, akasema vile vile. Nikamkalia kooni nikamuuliza ana nini.

"Mie mwenyewe nimetapakaa," akaniambia. "Nina vipande Dar, nina vipande ng'ambo, nina vipande kwenye mabomba ya maji machafu. Nitamkusanya vipi ntu mwengine?"

Nikamkasirikia Nusaiba hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mtoto yule, hata aliporudi Idi nyingine ya nyuma bila buibui.

Nikamwita Shehe Abdulsamad. Ni mtu mpole, amesoma, na hana haraka. Akamweleza dada kwamba kinachokatwa kwa mtu aliye hai, kikizikwa ni vizuri, kisipowezekana kuzikwa yeye hana dhambi. Akamtolea mfano wa nywele na kucha.

"Nywele hazizaani, Shehe," dada akasema. "Wala mie siulizi dhambi. Nauliza hivi. Siku nitakayotiwa kaburini, na kule Dar nikawa ningali hai kwenye kabati, hao malaika wakija kuniuliza, wataniuliza niko wapi?"

Shehe akanywa kikombe chake mpaka mwisho, nikamwongezea chai. Mwishowe akasema, "Bi Mwanapili, hilo silijui. Na sitaki kukudanganya."

Dada akamheshimu tangu siku ile kuliko mashehe wote. Lakini jibu hakulipata. Usiku nilimsikia anageuka geuka kitandani.

Ndipo akampigia simu Nusaiba. Alisema kwa ufupi: zile seli ziuliwe zote, za Dar na za ng'ambo, na kitakachobaki kisimwagwe kwenye sinki, kitiwe ardhini. Na iwe kabla yeye hajafa. Nusaiba alipanda boti, akateremka bandari ya Mkoani, akafika kwetu na begi dogo na macho mekundu.

"Shangazi, nisikilize kwanza," akasema. Alikaa chini, si kwenye kiti. "Kuna bibi mmoja tumempata."

"Bibi gani?"

"Kwenye zile seli zako. Mmoja wa wale wasiotengeneza kitu. Tukimnyamazisha huyo, seli zako zinakufa karibu zote, na seli za mtu asiye na saratani hazidhuriki. Hatujamwona waziwazi hivi kwa mgonjwa mwingine yeyote. Lazima turudie kazi ili tuhakikishe, na lazima turudie kwa seli hizi hizi. Tukiziua sasa, hatuna njia ya kumfuata."

"Itaniponya?" dada akauliza.

"Hapana."

"Itamponya nani?"

Nusaiba akajifuta pua. "Sijui, Shangazi. Labda mtu fulani, baada ya miaka mingi. Labda asiwe mtu yeyote. Mara nyingi inakuwa hivyo."

Mimi hapo nikashindwa kujizuia. "Na kwa labda hiyo ndio wamning'iniza aliyekulea baina ya dunia na akhera? Ungekuwa ni mwili wako, ungeukoroga na jiki?"

Akalia. Sikumwonea huruma, na sijifichi. Nilimwona ni mtoto aliyelishwa na mkono mmoja akaukata ule ule.

Dada ndiye aliyeninyamazisha. Akamwekea Nusaiba mkono kichwani, mkono ule ule mgumu uliozoea kugeuza maiti. "Nusaiba, mwanangu. Nilipokupa kile kitu, nilikupa nikijua chatoka kwangu kishakufa. Kama ungenambia kitaendelea kuishi bila ya mie, nisingekupa."

"Nilikueleza, Shangazi. Nilikwambia tutajaribu kuziotesha."

"Ulinieleza kwa Kiswahili cha ofisini, na mie nina kiwewe cha kisu. Nilisikia sauti yako tu."

Nusaiba hakubisha tena. Akasema mgonjwa ana haki ya kukataa wakati wowote, na kwamba atalipeleka ombi kwa mkubwa wake, ingawa kazi yake ya miaka yote hiyo itakwenda nalo. Alilala kwetu siku moja. Asubuhi alimkanda dada miguu kwa mafuta, wakawa wanazungumza habari za watu wa Msuka na kucheka. Mimi nilikaa nje nikichambua karafuu, nimewakasirikia wote wawili kwa kucheka.

Mkubwa wake hakukataa. Alisema tu kwamba lazima wenzao wa ng'ambo nao wakubali, kwa kuwa nao wanazo, na kwamba mpaka jibu lije seli za Bi Mwanapili zisiguswe na mtu ila Nusaiba. Basi tukangoja. Barua pepe zikaenda, zikarudi, ati yule yuko likizo, ati kamati haijakaa. Kila nikipiga simu, "Bado, Shangazi Kija." Mie nikamwambia Nusaiba, wenzako wana mkasi wa kukata kitu kisichoonekana kwa macho, lakini kusema ndiyo au hapana wanashindwa.

Ugonjwa haukungoja. Ulirudi kwa kikohozi. Tukadhani ni vumbi la karafuu, kumbe umeingia kifuani. Nusaiba akataka ampeleke tena Dar, dada akakataa katakata. Alisema ana vipande vya kutosha huko.

Akawa anadhoofika mbele ya macho yangu. Kila asubuhi swali lake lilikuwa hilo moja, kabla hata ya salamu. "Wameshajibu?" Na mimi kila asubuhi nikasema bado, nikatoka nje nikalia nyuma ya choo ili asinisikie. Nilikuwa namchukia mtu nisiyemjua, mtu wa ng'ambo aliyekuwa likizo.

Alipoona hawezi tena kukaa, aliniita karibu. Pumzi ilikuwa inamkata.

"Kija. Hawa wakija kujibu, mie ntakuwa sipo. Watakuuliza weye."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nasema. Watakuuliza weye, na weye una moyo wa maji. Nakujua tangu hujajua kutambaa. Usilegee."

"Silegei."

"Niapie."

Nikamwapia. Nilimwekea mkono kifuani, pale penye kovu, nikamwapia kwa Mwenyezi Mungu kwamba nitawaambia waziue zote na wazitie ardhini. Akafumba macho. Naona alipata raha kidogo, maana alilala.

Alifariki baada ya sala ya asubuhi. Nusaiba alikuwa ameshafika.

Nilimwosha mwenyewe. Muosha hasimulii aliyoyaona, na sitasimulia. Nitasema tu kwamba Nusaiba, ambaye hajawahi kugusa maiti, aliomba ashike kata, akamimina maji taratibu. Nilipomchana dada zile nywele zake fupi nilitandika kitambaa cheupe chini, nikaogopa. Haukung'oka hata unywele mmoja. Nikatafuta kwenye mkeka, nikatafuta kwenye kitana, hamna. Nilijipaka karafuu maiti viganjani nikalia kwa sauti, jambo ambalo kwalo yeye angenigomba mbele za watu.

Akazikwa. Nilipokuwa nawasikia wanaume wanarudi kutoka makaburini, nilijua ndani ya moyo wangu kwamba hawakumzika kamili. Wengine walinipa pole ya msiba. Ile pole nyingine hakuna aliyekuwa nayo ya kunipa isipokuwa Nusaiba, na sisi wawili hatukuweza kutazamana.

Tulisoma hitima, watu wakatawanyika, Nusaiba akarudi Dar. Nyumba ikawa kubwa. Nilianika karafuu kwa sababu hazijui msiba, nikakaa kuzigeuza kwenye jamvi, simu ikalia. Ilikuwa mchana, jua kali.

"Shangazi Kija," Nusaiba akasema. "Jibu limekuja."

"Wasemaje?"

"Wamekubali. Wa huku na wa ng'ambo. Hata kutia ardhini wamekubali, hapa nyuma ya jengo, baada ya jiki. Wamesema wewe ndiye mtu wake wa karibu, kwa hiyo wanataka neno lako. Ukisema ndiyo, hata zile tulizozihifadhi kwenye barafu zinatolewa. Daktari mkubwa yuko hapa pamoja nami, anasikia."

"Alhamdulillahi," nikasema. Na kweli nilimshukuru Mungu. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani.

"Kwa hiyo nifanye?"

Nikafungua mdomo. Kisha nikasema, "Mbona sauti yako hivyo?"

"Hakuna kitu."

"Nusaiba."

Akavuta pumzi. "Zimedhoofu, Shangazi. Walikatazwa kuzigusa, na mimi nilikuwa huko msibani. Hakuna aliyezibadilishia maji yao. Yale maji ndiyo chakula chao. Huwa ya rangi ya waridi. Nimefungua kabati leo nimeyakuta manjano."

"Manjano ndo nini?"

"Njaa. Zikikaa na njaa, maji hugeuka manjano. Nyingine zimeshaachia, zinaelea juu."

"Na zilizobaki?"

"Zilizobaki zimeshika chini. Zimeng'ang'ania tu."

Nikaweka karafuu chini. Siku zake za mwisho dada alikuwa hali chakula. Nilimpikia uji wa mchele, mwepesi, wenye tui kidogo kama anavyopenda, nikamkalia na kijiko. Kijiko kimoja tu, dada, kimoja tu kwa ajili yangu. Alikuwa anafumba mdomo na kugeuza uso ukutani. Mpaka anakufa sikufanikiwa kumtia kitu tumboni, na lile bakuli nililimwaga mwenyewe, limepoa. Hakuna lililoniuma katika msiba ule wote kama bakuli lile.

"Shangazi? Upo?"

"Nipo."

"Daktari anangoja. Niseme nini?"

Neno nilikuwa nalo. Nililiapia nikiwa nimemwekea mkono kifuani. Nilimsikia dada kabisa, anavyonigomba, anavyoniita mwenye moyo wa maji. Nikajaribu kulisema, nikajaribu tena.

"Mpe ale kwanza," nikamwambia.